Namna ya Kusoma Kemia ya Miamba Iliyozaliwa Mgongo wa Bahari Unapozama

Ukiletewa jedwali la kemia ya miamba na kuulizwa miamba hiyo ilizaliwa wapi, kishawishi cha kwanza ni kutafuta mchoro uliokwisha kugawanywa maeneo, kutia nukta zako humo, na kusoma jina la eneo zilipoangukia. Kwa miamba mingi njia hiyo inafaa kiasi. Kwa miamba iliyozaliwa pale mgongo wa bahari unapozama chini ya bara, itakupoteza. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye jedwali la namna hiyo mezani: mwanafunzi wa jiolojia anayeandika tasnifu, mtafiti anayeanza, au mtaalamu wa kampuni ya utafutaji madini aliyepokea majibu ya maabara bila maelezo.

Nitatumia mfano mmoja: rasi ya Taitao, kusini mwa Chile, karibu na latitudo 46 kusini. Hapo yanakutana mabamba matatu ya gandunia, la Nazca, la Antaktiki na la Amerika Kusini. Mgongo wa Chile ndio mpaka kati ya Nazca na Antaktiki, na ndipo sakafu mpya ya bahari inapozalishwa. Mgongo wenyewe umefika kwenye mfereji wa bahari na unadidimia chini ya bara. Bamba la Nazca linazama kwa sentimita 7 hadi 8 kwa mwaka. La Antaktiki, upande wa kusini, kama sentimita 2 tu. Kwa kuwa mgongo umekaa mshazari kwa ukingo wa bara, makutano hayo yamekuwa yakihamia kaskazini tangu ulipoanza kuzama karibu na Tierra del Fuego, miaka milioni 14 hivi iliyopita.

Kwa kawaida sakafu ya bahari hufika mferejini ikiwa imezeeka na kupoa. Ndiyo maana ukanda ulio karibu na mfereji ni baridi, na volkeno hujitokeza mbali huko bara, kilomita 100 hadi 300 kutoka mferejini. Mgongo ukifika, mambo yanageuka. Joto la koti la dunia linapanda karibu kabisa na uso, chini ya mashapo yaliyolowa maji, na magma inatokea mahali ambapo vitabu vya mwaka wa kwanza vinasema haitokei. Taitao ina mashahidi wawili wa jambo hilo. Wa kwanza ni ofioliti, yaani kipande cha sakafu ya bahari kilichopandishwa nchi kavu, ikiwa na mfuatano ule uliokubaliwa na wanajiolojia katika mkutano wa Penrose wa 1972: peridotiti za koti la dunia chini, gabro juu yake, daiki zilizosimama bega kwa bega, kisha lava zilizoganda kwa umbo la mito ya kulalia pamoja na mashapo. Umri wake ni kati ya miaka milioni 6 na 5, na hivyo ni miongoni mwa ofioliti changa kabisa duniani. Shahidi wa pili ni graniti zilizopenya hapo hapo, ikiwemo ile ya Cabo Raper yenye umri wa miaka milioni 4 hivi, makumi machache tu ya kilomita kutoka mferejini. Charles Darwin alipita Tres Montes Desemba 1834 akaziona graniti za pwani hiyo; asingeweza kujua kwamba zingekuja kuwasumbua watu wa jiokemia karne moja na nusu baadaye.

Shika jambo moja kabla hujaendelea. Kemia ya jiwe inaeleza chanzo kilichoyeyuka, kiasi kilichoyeyuka, na vilivyochanganyika njiani. Haielezi mahali. Ukionja mchuzi unajua umetiwa nazi na ndimu. Hujui umepikwa nyumba gani. Majina yaliyoandikwa kwenye michoro yetu, "mgongo wa bahari", "tao la volkeno", "ndani ya bamba", ni majina ya nyumba. Yanafanya kazi kwa sababu kwa kawaida kila nyumba ina mapishi yake. Taitao nyumba mbili zimeungana jiko.

Anza na nyundo na kinu

Makosa mengi ya jiokemia hufanyika kabla jiwe halijafika kwenye mashine. Taitao ni nchi ya mvua na misitu minene, na mwamba ulio wazi hupatikana zaidi ufukweni, unakopigwa na mawimbi. Katika mazingira kama hayo kata ganda lote lililochakaa kwa msumeno, tupa vipande vyenye mishipa ya kalisiti na matundu yaliyojazwa madini ya baadaye, kisha osha kilichobaki kwa maji yaliyotoneshwa. Usione haya kubaki na nusu ya ulichobeba.

Halafu iulize maabara maswali mawili, na majibu uyapate kwa maandishi. La kwanza: jiwe litasagwa kwa kinu cha aina gani? Kinu cha tangsteni kabaidi husaga upesi, lakini huacha tangsteni, kobalti na tantali ndani ya unga wako, na uwiano wa niobi kwa tantali ukawa hauna maana tena. Kinu cha chuma nacho huongeza chuma na kromi. Kwa kazi hii omba kinu cha akiki. La pili: unga utayeyushwa vipi? Graniti ina zirikoni, na zirikoni haiyeyuki kwa asidi za kawaida kwenye chombo kilicho wazi. Ikibaki chini kama vumbi, zirikonia na hafni zitasomeka chache kuliko zilivyo, na elementi nzito za ardhi adimu kama yterbi zitapungua pia. Nimeona watu wakijadili kwa makini upungufu wa yterbi ambao ulitokana na asidi kushindwa kazi. Kuyeyusha kwa borati ya lithi, au kwa asidi ndani ya chombo kilichofungwa chenye shinikizo, kunaondoa tatizo hilo. Peleka pia miamba ya rejea, BHVO-2 au BCR-2 kwa basalti na G-2 kwa graniti, pamoja na sampuli yako moja iliyorudiwa kwa namba nyingine bila maabara kujua.

Majibu yakirudi, angalia kwanza upungufu wa uzito baada ya kuchomwa. Basalti ikipoteza zaidi ya asilimia chache, maji ya bahari yamepita humo. Peridotiti iliyogeuka serpentini hupoteza asilimia 10 na zaidi. Hiyo ni kawaida yake. Maji hayo hubeba rubidi, bari, potasi, stronti na urani, huku yakiziacha mahali pake thori, niobi, tantali, zirikonia, titani, ytri na yterbi. Kwa lava za ofioliti, hoja yoyote iliyojengwa juu ya kundi la kwanza peke yake ni hoja dhaifu, hata mchoro wake ukiwa wa kupendeza namna gani.

Basalti: bonde la niobi

Chukua basalti ya kufikirika kutoka kwenye daiki. Maabara inakuambia thori ni 0.6, niobi 2.6, lanthani 6.0 na yterbi 3.0, zote kwa sehemu kwa milioni. Linganisha na basalti ya kawaida ya mgongo wa bahari kwa viwango vya Sun na McDonough vya 1989: thori 0.12, niobi 2.33, lanthani 2.50, yterbi 3.05. Gawanya. Unapata 5.0, 1.1, 2.4 na 1.0. Ukichora mchoro wa buibui, mstari unaanza juu kwenye thori, unaporomoka kwenye niobi, unapanda tena kwenye lanthani, kisha unashuka taratibu hadi kwenye yterbi. Bonde hilo la niobi ndilo watu wanaloliita alama ya tao. Kwenye mchoro wa Julian Pearce wa 2008, wa Th/Yb dhidi ya Nb/Yb, sampuli hiyo ina 0.20 na 0.87. Basalti ya kawaida ya mgongo ina 0.04 na 0.76. Kwa niobi haijasogea sana, kwa thori imepanda mara tano.

Wengi huishia hapa na kuandika: imezaliwa juu ya bamba linalozama. Ni mapema mno. Bonde la niobi lina njia tatu za kutokea, na Taitao zote tatu zinawezekana.

Njia ya kwanza ni ile ya kitabuni: maji na mayeyuko kutoka kwenye bamba linalozama yanapanda na thori na lanthani, wakati niobi inabaki nyuma imeshikwa na madini kama rutili, na koti la dunia lililo juu linapata ladha hiyo. Njia ya pili ni magma safi ya mgongo kupita kwenye mashapo na ganda la bara na kuyeyusha kiasi chake. Mashapo yatokayo bara yana bonde lile lile la niobi tangu mwanzo, kwa hiyo hata kiasi kidogo kinatosha kuchafua. Taitao lava zimepishana na mashapo yaliyotoka bara, na hicho ni kidokezo kikubwa kwa mtu anayetazama miamba kabla ya kutazama namba. Njia ya tatu ni mgongo wenyewe, ukiwa bado chini ya bahari, kuyeyusha koti la dunia ambalo limekwisha kuchanganyika na vitu vya ukanda wa kuzama.

Njia hii ya tatu si ya kubuni. Mwaka 1995 Emily Klein na Jill Karsten walitoa kwenye jarida la Nature matokeo ya basalti zilizokusanywa kutoka kwenye Mgongo wa Chile, sakafuni mwa bahari, na baadhi yake zilikuwa na sura ya kemia ya tao. Juu yake hakuna bara, hakuna ganda nene la kuchafua magma inayopanda. Kwa maoni yangu hakuna matokeo mengine yanayopaswa kumtia adabu zaidi mtu anayetegemea mchoro mmoja.

Utazitofautishaje njia hizo? Panga basalti zako kwa magnesi, kuanzia zenye nyingi kushuka hadi zenye chache, ukitazama uwiano wa thori kwa niobi. Uwiano ukipanda kadiri magnesi inavyopungua na silika inavyoongezeka, magma ilikula ganda au mashapo njiani. Ukikuta hata sampuli zenye magnesi nyingi kabisa tayari ziko juu, chanzo chenyewe kilikuwa na alama hiyo. Isotopi za neodimi na stronti zinafuata kanuni ile ile, na kama una fedha ya sampuli chache tu za isotopi, zipeleke zile za ncha mbili za safu. Katikati hutajifunza mengi. Ongeza uwiano wa titani kwa vanadi, aliouweka John Shervais mwaka 1982: chini ya 20 kwa kawaida ni tao, 20 hadi 50 ni mgongo. Uwiano huo unategemea zaidi hali ya oksijeni kwenye magma kuliko uchafu wa mashapo. Basalti yenye bonde la niobi lakini yenye Ti/V ya 30 inapaswa kukupa mashaka kuhusu njia ya kwanza.

Peridotiti nitazisemea kwa ufupi. Usihangaike na mwamba mzima uliogeuka serpentini. Pima punje za spineli chini ya mashine ya mihimili ya elektroni. Uwiano wa kromi kwa jumla ya kromi na alumini ukiwa chini ya 0.6 unaafikiana na peridotiti za sakafu ya bahari, kama walivyoonyesha Dick na Bullen mwaka 1984. Ukipita hapo, uyeyukaji ulikuwa mkubwa, na mara nyingi maji yalihusika.

Graniti: baba ni nani?

Kwa graniti, hatua ya kwanza ni hesabu ambayo mtu anaweza kuifanya kwa simu. Tuseme una alumina asilimia 15.3, chokaa 3.0, oksidi ya sodiamu 3.8 na ya potasi 2.6. Gawanya kila moja kwa uzito wake wa molekuli: 15.3 kwa 101.96 ni 0.150, 3.0 kwa 56.08 ni 0.053, 3.8 kwa 61.98 ni 0.061, 2.6 kwa 94.20 ni 0.028. Gawanya ya kwanza kwa jumla ya tatu zilizobaki, unapata takribani 1.05. Chappell na White, waliozigawa graniti za Australia mwaka 1974 kati ya zilizotokana na miamba ya moto na zilizotokana na mashapo, waliweka mpaka kwenye 1.1. Namba yako iko upande wa miamba ya moto, lakini kwa ukaribu wa kukera.

Rudi kwenye jiwe. Una hornblendi, au una ulanga mweupe na ganeti? Hornblendi inaunga mkono baba wa moto. Ulanga mweupe na ganeti vinaunga mkono mashapo. Kisha jiulize mashapo yenyewe yalitoka wapi. Kwenye mfereji wa Chile yanatoka Andes, yaani ni volkeno na graniti za tao zilizosagwa na mito na barafu. Yakiyeyuka, graniti inayozaliwa inarithi kemia ya tao la zamani. Ndiyo sababu mchoro wa Pearce, Harris na Tindle wa 1984, wa rubidi dhidi ya jumla ya ytri na niobi, unaweza kuziangusha graniti za karibu na mfereji kwenye eneo la tao la volkeno bila tao lolote kuwepo wakati huo. Mchoro haujadanganya. Umekutajia babu badala ya baba.

Halafu kuna suala la adakiti. Mwaka 1990 Defant na Drummond walieleza miamba yenye silika zaidi ya asilimia 56, alumina zaidi ya 15, stronti zaidi ya 400 kwa milioni, ytri chini ya 18 na yterbi chini ya 1.9, wakaihusisha na kuyeyuka kwa bamba changa lenye joto. Mgongo unaozama unaleta bamba changa kuliko yote, kwa hiyo kila anayefanya kazi sehemu kama hizi hutamani kuzipata, na upande wa Argentina zipo kweli, kwa mfano Cerro Pampa. Lakini kumbuka alama hiyo inasababishwa na nini. Ytri na yterbi hupungua kwa sababu ganeti imebaki chini ikizishika. Stronti hupanda kwa sababu feldispa ya plagioklasi imeyeyuka yote. Hali hiyo inahitaji kina, kwa kawaida zaidi ya kilomita 30. Karibu na mfereji bamba bado halijafika huko. Graniti ya pwani ikiwa na stronti nyingi kiasi lakini ytri ya 20 na ushee, usiilazimishe jina.

Fedha ikibaki, itumie kwenye zirikoni. Kwa safari moja ya maabara unapata umri kwa urani na risasi, na viini vya zamani vilivyorithiwa kutoka kwenye mashapo. Pima pia isotopi za oksijeni kwenye punje hizo hizo: zirikoni ya magma ya koti la dunia huwa karibu na 5.3 kwa elfu, na ikizidi hapo waziwazi, miamba iliyowahi kukaa juu ya ardhi na kukutana na maji baridi imeingia kwenye magma.

Ramani na umri ndivyo vinavyoamua

Kemia peke yake haijawahi kuthibitisha kwamba mgongo ulizama mahali fulani. Ushahidi wenye nguvu zaidi ni umri unaotembea. Alaska kuna mkanda wa graniti na miamba jamaa zake wa Sanak–Baranof, wenye urefu wa kilomita 2,100 hivi, uliopenya kwenye mashapo ya mfereji wa kale. Upande wa magharibi una miaka milioni 61, na unazidi kuwa mchanga hadi milioni 50 upande wa mashariki. Tao la kawaida halifanyi hivyo. Mgongo uliosogea kando ya ukingo wa bara unafanya hivyo, na kuna ofioliti ya miaka milioni 57 pale Resurrection inayoshuhudia.

Chile dalili nyingine iko juu ya ardhi. Kati ya volkeno ya Hudson, iliyolipuka kwa nguvu Agosti 1991, na ile ya Lautaro karibu na latitudo 49, safu ya volkeno hai imekatika. Chini ya pengo hilo kuna dirisha, yaani nafasi iliyoachwa na mabamba mawili yanayoendelea kuachana huku yakizama. Mashariki ya pengo, huko Patagonia, basalti zilimwagika kwenye nyanda za juu zikiwa na kemia isiyo ya tao. Kwa hiyo unapofanya kazi kwenye miamba ya kale, usitazame ofioliti na graniti pekee. Tafuta mambo manne kwa pamoja: magma karibu na mfereji, metamofisi ya joto kali na shinikizo dogo kwenye mashapo, tao lililonyamaza kwa muda, na umri unaotembea kando ya ukingo. Ukipata moja, una kisa cha kusimulia tu. Ukipata matatu yenye umri unaolingana, una hoja.

Mjadala huu si wa Chile tu. Mwaka 1973 Akiho Miyashiro aliwashtua wenzake kwa kusema kwamba ofioliti ya Troodos, Kupro, ilizaliwa kwenye tao na si kwenye mgongo wa katikati ya bahari, akitumia kemia. Ofioliti ya Semail nchini Oman, yenye miaka milioni 96 hadi 95, ina lava za chini zinazokaribia za mgongo na za juu zenye sura ya tao, na wataalamu wamevutana juu yake kwa miongo. Kwetu, mabaki ya ofioliti yaliyoko Moyale na Pokot Magharibi nchini Kenya ni ya zaidi ya miaka milioni 600 na yamepikwa upya na metamofisi, kwa hiyo kundi la rubidi, bari na potasi lisahau kabisa. Anza na thori, niobi na titani.

Unapoandika ripoti, tenganisha sentensi tatu ambazo watu hupenda kuzichanganya. Moja ya kipimo: "Basalti hizi zina thori mara tano ya kiwango cha rejea na bonde la niobi." Moja ya mchakato: "Alama hiyo imo hata kwenye sampuli zenye magnesi nyingi, hivyo ni ya chanzo." Ya mahali iwe ya mwisho, na ije tu baada ya umri na ramani. Msomaji akikataa ya tatu, mbili za kwanza zibaki zimesimama. Na jedwali lote la namba lichapishwe pamoja na michoro: viwianishi vya kila sampuli, aina ya kinu, njia ya kuyeyushia, na majibu ya miamba ya rejea. Bila hayo, mtu wa baadaye hawezi kuikagua kazi yako wala kuitumia.